Maswali ya ushirika: makato, meneja mwenye haraka na kadi ya mume

Barua nyingi safari hii zimetoka kwenye AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika wa mazao, za korosho na tumbaku. Majina ya walioandika nimeyaacha.

Mnadani tulitangaziwa bei nzuri, lakini fedha iliyoingia kwenye akaunti yangu ni pungufu. Mwenyekiti kila nikimuuliza ananijibu "makato". Makato gani? – Mkulima, Newala

Hapo kuna maswali mawili, na kiongozi mjanja hupenda yabaki yamechanganyika. La kwanza ni kilo zako, la pili ni shilingi zilizokatwa kwa kila kilo.

Anza na kilo. Ulipopima chamani ulipewa risiti yenye uzito. Mzigo wa chama ulipofika ghala kuu, nako ulipimwa, ikatolewa stakabadhi yenye uzito na daraja. Jumlisheni risiti za wakulima wote wa mzigo ule, kisha mlinganishe na stakabadhi ya ghala. Upungufu mdogo ni unyaufu, maana korosho hukauka. Upungufu mkubwa unataka maelezo: mizani mbovu, magunia yaliyoishia njiani, au mtu aliyeandikiwa risiti bila kuleta gunia hata moja. Huyo wa mwisho ndiye hatari zaidi, kwa sababu malipo yake yanatoka kwenye korosho zenu.

Sasa shilingi. Ushuru wa chama cha msingi, wa chama kikuu (muungano wa vyama vya msingi), usafirishaji, ghala: hizi si siri za bodi. Hujadiliwa kwenye mkutano mkuu pamoja na makisio, kabla msimu haujafunguliwa. Kwa bahati mbaya mkutano huo huwa na watu wachache, na ule wa kugombania malipo hujaa mpaka nje. Dai mchanganuo wa kila mnada ubandikwe kwenye ubao wa chama: kilo zilizouzwa, bei, kila kato kwa jina lake, kilichobaki kwa mkulima. Mfumo huu wa stakabadhi ghalani, wa kukusanya mazao ghala kuu na kuyauza mnadani, ulianza kwenye korosho mwaka 2007, na kwa maoni yangu ugomvi mwingi tangu wakati huo hauko mnadani. Uko kati ya mizani ya kijijini na mlango wa ghala.

Mimi ni mjumbe wa bodi, elimu yangu ni darasa la saba. Meneja anatusomea taarifa ya fedha haraka haraka, tunapiga makofi, tunasaini. Naona aibu kuuliza. – Mjumbe, Urambo

Hukuchaguliwa uwe mhasibu, ndugu yangu. Omba vitu vitatu viwekwe mezani kabla taarifa haijasomwa: taarifa ya benki, daftari la fedha, na orodha ya madeni ya pembejeo yenye jina la kila mwanachama. Daftari linasema zimebaki kiasi fulani, benki inasema kiasi kingine. Muulize meneja tofauti imetoka wapi, naye akujibu kwa Kiswahili cha kawaida. Akishindwa kukueleza wewe, atawaelezaje wakulima?

Kwenu kwenye tumbaku hiyo orodha ya pembejeo ni nzito kuliko vyote. Chama kikikopa mbolea kwa dhamana ya pamoja, mkulima aliyelipa vizuri anaweza kukatwa kwa ajili ya asiyelipa, au kwa ajili ya jina la mtu ambaye hakuchukua hata mfuko mmoja. Orodha isomwe kwa sauti mkutanoni, jina kwa jina, mifuko mingapi. Itachukua asubuhi nzima. Ichukue. Na deni lolote jipya mlilinganishe na ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis, yaani msajili wa serikali wa vyama vya ushirika.

Jambo moja dogo: karatasi ya mahudhurio iwe na tarehe na ajenda juu yake. Saini yako kwenye karatasi tupu inaweza kubandikwa nyuma ya azimio lolote.

Viongozi wetu wote ni wale wale. Kwa nini serikali isituletee watu wake wakaendesha chama? – Msomaji, Moshi Vijijini

Unaandika kutoka mahali KNCU, chama kikuu cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ilipoanzishwa mwaka 1933, kwa hiyo wazee wako hapo watakukumbusha 1976. Mwaka huo serikali ilivunja vyama vikuu, na mazao yakakabidhiwa mamlaka za serikali. Malipo yalichelewa, gharama zikapanda, na sheria ya 1982 ikavirudisha vyama. Kwa hiyo jaribio hilo tulishalifanya.

Kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, Mrajis ana meno ya kutosha: anaweza kukagua na kuchunguza chama. Andikeni kwa Mrajis Msaidizi wa mkoa, mwambatishe ushahidi, siyo manung'uniko. Ila msitegemee akishaondoka mambo yatanyooka yenyewe. Wapiga kura wakiwa ni wale wale waliochagua kwa kupewa soda, bodi mpya itafanana na ya zamani.

COASCO, shirika la serikali linalokagua hesabu za vyama vya ushirika, wamekipa chama chetu hati yenye shaka. Ina maana tumeibiwa? – Karani, Nachingwea

Si lazima. Mara nyingi ni malipo yasiyo na hati za kuthibitisha, au mali zisizo kwenye rejesta. Lakini wizi nao hujificha humo humo. Soma aya inayoeleza msingi wa shaka, kisha uliza kila hoja imejibiwa na nani. Hoja ile ile ikirudi mwaka unaofuata, hapo sitaendelea kuwatetea viongozi wenu.

Nalima mikorosho na mume wangu, lakini kadi ni yake peke yake. Kwenye uchaguzi naambiwa nikae nje. – Mama, Tandahimba

Kwa utaratibu, mama, wasimamizi hawakukosea: anayepiga kura ni mwanachama, na kila mwanachama ana kura moja. Dawa ni kuingia mwenyewe. Soma kipengele cha sifa za mwanachama kwenye masharti ya chama, peleka maombi, lipa kiingilio na hisa zako, dai risiti yenye jina lako. Usiondoke ofisini kabla hujaona karani akikuandika kwenye rejesta ya wanachama. Mumeo abaki na kadi yake. Nyumba yenu itakuwa na kura mbili.