Telekonveta ya 2x kwenye 70-300: usinunue, sogea

Mkuu, rudisha hiyo hela mfukoni. Maswali yako ya darubini, nguo na saa ya kuondoka yasubiri kwanza, maana nimekwama pale uliposema unataka telekonveta ya 2x, kile kipande cha vioo kinachokaa kati ya kamera na lenzi na kukuza picha mara mbili, uipachike kwenye lenzi yako ya milimita 70-300 ya f/4-5.6, ili mkitoka na wenzako Jumamosi kupiga picha za ndege uwe na "600 ya bei nafuu". Hakuna 600 ya bei nafuu.

Piga hesabu. Zumu ikifika 300, tundu la mwanga pana kuliko yote ulilonalo ni f/5.6 (namba ya f ikikua, tundu linakuwa dogo). Telekonveta ya 2x inakula stopu mbili, yaani kwenye sensa inafika robo tu ya mwanga, na sasa unapiga kwa f/11. Pale ulipokuwa na shata ya sekunde 1/1000 kwa ISO 800, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga; ikipanda, picha inajaa chembechembe) inapanda 3200. Hujamaliza: mtikisiko wa mikono nao umekuzwa mara mbili, shata inataka 1/2000, kwa hiyo ISO inafika 6400. Hapo ni mahali peupe. Ndege akiingia chini ya miti, manyoya yote yanakuwa uji.

Halafu fokasi. DSLR nyingi, yaani kamera zenye kioo kinachorukaruka ndani, zimetengenezwa kutafuta fokasi mpaka f/5.6; zilizo bora kidogo zinafika f/8, mara nyingi kwa nukta za katikati tu. Kwa f/11 lenzi inakwenda mbele, inarudi nyuma, inakwenda tena, na shomoro keshaondoka zamani. Kamera zisizo na kioo hicho zinajitahidi zaidi, ila mwanga ukipungua nazo zinaweza kupunguza kasi.

Na hilo bado si baya kuliko yote. Telekonveta nyingi za watengenezaji wa kamera zina kioo cha mbele kinachochomoza. Zimekusudiwa lenzi maalumu zenye nafasi kwa nyuma, kama 70-200 za f/2.8 na 300 za f/2.8. Kwenye 70-300 ya kawaida mara nyingi haiingii kabisa. Ukipata ya kampuni nyingine inayokubali kuingia, angalia kwanza kioo cha nyuma cha lenzi yako: kwenye baadhi ya zumu kinasogea nyuma unapobadilisha urefu. Vikikutana ni kioo kwa kioo, na hapo hujaharibu picha, umeharibu lenzi.

Sasa hawa wanaouza telekonveta na wale wa video, ambao siku zote wanakuonyesha mwezi! Kwa nini mwezi? Kwa sababu unapigwa na jua moja kwa moja, na mwezi mpevu unapigika kwa f/11, 1/100, ISO 100, kamera imetulia kwenye tripodi. Hauruki, haujifichi kwenye miiba. Waonyeshe chiriku kichakani tuone. Na kabla hamjaniambia nina kinyongo: ndiyo, ninacho, na kinalipiwa kwa awamu.

Kanuni ni moja: sogea. Ndege wa sentimita 15 akiwa mita 20, kwa 300 anatua kwenye sensa akiwa na milimita 2.25. Ukiweka 2x anakuwa 4.5. Ukisogea mpaka mita 10 anakuwa 4.5 ileile, mwanga wote unao, fokasi inashika, na hewa ya moto kati yenu, ile inayofanya picha zicheze jua likishapanda, imepungua nusu.

Namna ya kusogea: usimwendee moja kwa moja. Kata mshazari kama unayepita zako, jua na upepo viwe mgongoni mwako. Ndege huruka akielekea upepo, kwa hiyo atakuja upande wako. Hatua tatu nne, simama. Akiacha kula, akanyoosha shingo na kubana manyoya, umefika mpaka wake. Chuchumaa, usiguse chochote mpaka aanze kula tena. Akiinama mbele na kunya, anaondoka sasa hivi: shata iwe tayari 1/2000 au zaidi. Aliye kwenye kiota mwache, huko hakusogelewi.

Mkiwa wengi, tembeeni mstari mmoja, mmoja nyuma ya mwingine, ndege aone kivuli kimoja. Mkijitandaza kama wavuvi wa juya mnamzingira, na anayezingirwa haulizi mara mbili. Mkiwa kwenye gari msishuke kabisa: mkishasimama zimeni injini ili isitikise lenzi, wekeni mfuko wenye kilo mbili za mchele au maharage kwenye dirisha lililoshushwa, lenzi ilale juu yake. Gari ndege wengi wanalivumilia karibu kuliko mtu mwenye miguu miwili. Mwenye lenzi fupi kuliko wote akae upande wa ndege, na dereva asipige picha, kazi yake ni kuliacha gari litambae na kusimama anapoambiwa, bila kufunga breki ghafla.