Tarantula wa Afrika wanaishi wapi?

Umeuliza kama tarantula, yaani buibui wakubwa wenye manyoya, wapo Afrika au ni wa Amerika tu. Wapo, tena wa aina nyingi, na wengi wao huishi ardhini. Anayenivutia kuliko wote ni Pelinobius muticus wa Kenya na Tanzania: rangi ya kutu, na jike ana miguu ya nyuma minene kama imevimba, anayoitumia kuchimba shimo refu kwenye nyika kavu. Ukimchokoza huinua miguu ya mbele na kusugua vinyweleo vyake mpaka utoke mlio unaosikika kabisa, kama wa nyoka aliyekasirika.

Pterinochilus murinus, wa rangi ya chungwa au kijivu, ameenea zaidi, kutoka Afrika Mashariki hadi kusini. Ceratogyrus darlingi wa kusini mwa Afrika ana pembe mgongoni, ajabu kweli. Hysterocrates gigas ni wa misitu yenye unyevu ya Kamerun, na Stromatopelma calceatum wa Afrika Magharibi hukaa mitini.

Tofauti na wengi wa Amerika, hawa hawarushi vinyweleo vya kuwasha. Kinga yao ni kuuma, na maumivu yake ni makali. Kwa hiyo ukikuta shimo lililotandwa utando mdomoni, usichokonoe kwa kidole.