Maswali Yenu: Jina la Gitaa na Sikio la Mpigaji

Swali: Shikamoo Mhariri. Mimi ni kijana wa miaka 22 na ninapiga besi katika bendi ya watu sita. Gitaa langu ni la nyuzi nne, lile la bei nafuu ambalo kampuni ya Fender hulitoa kwa jina la Squier, na nililinunua likiwa limeshatumika. Kaka anayepiga solo, ambaye ndiye mkubwa wetu, huniambia mbele ya wenzangu kwamba hilo ni gitaa la kujifunzia, kwamba linaiaibisha bendi jukwaani, na kwamba mpiga besi wa kweli hana budi kuwa na Fender iliyotengenezwa Marekani, tena ikiwezekana ya kabla ya mwaka 1965. Kila nikimuuliza ni kitu gani hasa anachokisikia kibaya, hunijibu kwamba rahisi ni ghali. Je, niuze nilichonacho na kuingia deni, au nimpuuze?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Usiingie deni, lakini pia usimpuuze, kwa kuwa katika maneno ya kaka yako kuna chembe ya ukweli iliyofunikwa na majivuno mengi, na kazi yako ni kuvitenganisha viwili hivyo bila kumvunjia heshima.

Tuanze na huo mwaka 1965, maana hakuuokota barabarani. Leo Fender aliingiza sokoni besi ya Precision mwaka 1951 na Jazz Bass mwaka 1960, kisha mwaka 1965 kampuni yake ikawa mali ya CBS, shirika kubwa la utangazaji la Marekani. Katika miaka iliyofuata, hasa ile ya 1970, wapigaji wengi walilalamika kwamba magitaa yanatoka mazito kupita kiasi, kwamba shingo hazikai sawasawa kwenye kiwiliwili, na kwamba uangalifu wa mwanzo umepotea. Na baadhi ya malalamiko hayo yalikuwa ya haki. Kosa lilikuja pale lalamiko kuhusu baadhi ya magitaa lilipogeuzwa kuwa hukumu ya yote, hukumu inayotolewa kwa kusoma tarehe tu. Marcus Miller, ambaye sauti ya besi yake huigwa na wapigaji kila pembe ya dunia, alijenga jina lake kwa Jazz Bass ya mwaka 1977, yaani ya katikati ya kipindi kile kile kinachodharauliwa. Ni kweli kwamba aliipeleka kwa fundi Roger Sadowsky akaifungia saketi ya kurekebisha sauti, lakini hapo alifanya lile ambalo kaka yako hajalifanya bado: alisikiliza kilichopungua, akakitafutia dawa.

Jina la Squier nalo lina kichekesho chake. Magitaa ya mwanzo ambayo Fender iliyatoa kwa jina hilo yalitengenezwa Japani kuanzia mwaka 1982 ili yauzwe kwa bei ya chini, na leo yale yale hutafutwa kwa udi na uvumba na wakusanyaji wa vyombo vya zamani, ambao huyasifia kwa maneno yaliyokuwa yametengewa magitaa ya Marekani pekee. Sitashangaa kama wapo miongoni mwao waliowahi kuyacheka.

Swali ulilomuuliza, la kwamba anasikia nini kibaya, ndilo lililopaswa kujibiwa. Mpigaji mwenye ladha yake huweza kukuambia kwamba uzi wa E unavuma kuliko wenzake, au kwamba pikapu, yaani kile kifaa kinachonasa mtetemo wa nyuzi, inanguruma ukisimama karibu na taa za jukwaa, au kwamba noti ya freti ya tano (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo) kwenye uzi wa G inafifia mapema kuliko jirani zake (kasoro ambayo, kwa taarifa yake, hupatikana hata kwenye Fender za bei kubwa). Unaweza kumkubalia au kumkatalia, lakini angalau mna jambo la kujadili. Anayetaja nchi, mwaka na bei peke yake amekupa habari za hati ya mauzo, na hati ya mauzo haipiti kwenye spika.

Kama anapenda ukweli, mwombe mfanye jaribio. Azimeni Fender anayoisifu, mfunge nyuzi za aina moja na za umri mmoja kwenye magitaa yote mawili, mtumie amplifaya ile ile, kisha wewe upige mapigo yale yale huku yeye amegeuka ukutani. Zingatieni sana kiwango cha sauti, kwa sababu gitaa linalotoa sauti kubwa kidogo karibu kila mara huonekana bora, hata kama tofauti ni ndogo mno kiasi kwamba msikilizaji haitambui kuwa ni ya ukubwa. Wapiga fidla walishapitishwa katika mtihani wa namna hii: mtafiti Claudia Fritz na wenzake walichapisha matokeo yao mwaka 2012, na tena mwaka 2014 wakiwa na wapigaji mashuhuri, ambapo wapigaji waliovaa miwani ya giza hawakuweza kutofautisha kwa uhakika fidla mpya na zile za mafundi wa kale wa Italia kama Stradivari, na wengi wao walizichagua mpya. Besi ya umeme si fidla, na sisemi kwamba magitaa yote yanalingana. Ninachosema ni kwamba jicho likifungwa, sikio hutoa hukumu tofauti na ile lililokuwa limefundishwa.

Nyuzi nimezitaja kwa makusudi. Uzi mpya uliozungushiwa waya wa mviringo hung'aa na kulia kama kinanda, ilhali uzi wenye utepe bapa hutoa sauti nene, fupi na tulivu, na tofauti kati ya hizo mbili kwenye gitaa moja ni kubwa kuliko tofauti utakayoisikia kati ya magitaa mengi mawili yenye nyuzi zinazofanana. Baada ya nyuzi huja mahali pikapu ilipowekwa, kwa kuwa pikapu iliyo karibu na daraja, pale nyuzi zinapoegemea kwenye kiwiliwili, hunasa sauti kali na iliyo karibu na shingo hunasa sauti nzito. Mkono wako, yaani nguvu unayotumia na mahali unapogusa uzi, una uzito usiopungua vyote hivyo. Jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa, kwenye ncha ya shingo, halina kazi katika mnyororo huu.

Sasa ile chembe ya ukweli. Methali aliyokutajia kaka yako ina mahali pake, kwa sababu kiwanda kinachouza kwa bei ya chini lazima kiokoe gharama mahali fulani, na mara nyingi huokoa penye kazi ya mkono: freti hazisawazishwi vizuri na ncha zake hukwaruza kiganja, vijia vya nyuzi karibu na kichwa huachwa juu mno, funguo za kukazia nyuzi hulegea katikati ya wimbo, na vitufe vya sauti huchakarisha ukivigeuza. Karibu yote hayo hurekebishika. Mpelekee fundi anayeaminika, aikaze shingo kwa kile chuma kilichomo ndani yake, asawazishe freti, ashushe nyuzi zifikie urefu unaoupenda, na abadilishe funguo kama zimechoka. Iwapo baada ya hapo bado utahisi kuna kitu unachokitaka na gitaa hili halikupi, na ukaweza kukieleza kwa maneno yako mwenyewe, basi anza kuweka akiba bila aibu.

Na kama siku moja utaitamani ile Fender kwa sababu tu ni nzuri machoni, sitakuhukumu. Mtu hupiga vizuri zaidi akiwa na chombo anachokipenda, na kupenda umbo au rangi ni haki ya mpigaji. Kiburi huanza unapodai kwamba asiyependa unachokipenda hajui muziki.

Swali: Ndugu Mhariri, salaam. Nimepiga besi kwa zaidi ya miaka 30 na sizipendi besi za nyuzi tano au sita, wala zile zisizo na kichwa. Vijana ninaopiga nao wananiambia nina majivuno. Mimi huwajibu kwamba James Jamerson, yule mpiga besi maarufu, alihitaji nyuzi nne tu. Nani mwenye haki?

Jibu: Mzee wangu, ulikuwa na haki mpaka ulipomtaja Jamerson. Kutopenda nyuzi tano ni ladha, na huhitaji wakili. Lakini ukimtumia marehemu kuwafunga midomo vijana, umeingia katika kiburi kile kile cha yule anayedharau besi ya bei nafuu, ila wewe umepitia mlango wa nyuma.

Hebu tumtazame Jamerson mwenyewe. Kwenye rekodi za kampuni ya muziki ya Motown mjini Detroit alitumia Precision ya mwaka 1962 yenye nyuzi nzito za utepe bapa ambazo alizibadilisha kwa nadra sana, akaweka sponji chini ya kifuniko cha daraja ili noti zikatike mapema, na akapiga kwa kidole kimoja tu cha shahada, desturi aliyotoka nayo kwenye besi kubwa ya kusimama. Kama nyuzi nne zake ni sheria, basi na kidole kimoja ni sheria, na nyuzi chakavu ni sheria. Sidhani unapiga hivyo, na hakuna anayekutaka upige hivyo. Aliyafanya hayo kwa sababu yalimpa sauti aliyoitaka.

Nyuzi nne zenyewe hazikushushwa kutoka mbinguni. Fender alifuata mpangilio wa E, A, D na G wa besi ile ya kusimama, kwa kuwa ndio ambao wapigaji wa wakati huo walikuwa wakiujua. Mpiga besi Anthony Jackson alipotengenezewa besi ya nyuzi sita na fundi Carl Thompson mwaka 1975, hoja yake ilikuwa kwamba besi ya umeme ni mwana wa ukoo wa gitaa, na gitaa lina nyuzi sita. Mtu anaweza kuikataa hoja hiyo, lakini hawezi kusema kwamba Jackson hakujua alichokuwa akikifanya.

Ukitaka kuitetea ladha yako mbele ya vijana, zipo hoja za kweli ambazo hazihitaji jina la mtu. Uzi wa B ulio chini ya E hutetema takriban mara 31 kwa sekunde, wakati E hutetema takriban mara 41. Spika nyingi ndogo haziwezi kuitoa vizuri sauti ya chini kiasi hicho, na mpigaji asiye mwangalifu huishia kugombana na ngoma ya mguu huku msikilizaji akisikia mvumo tu. Shingo pana nayo huuchosha mkono uliozoea nyembamba. Kwa upande wao, vijana watakujibu kwamba uzi wa tano huwawezesha kucheza noti za chini bila kusogeza mkono mbali, jambo ambalo huwafaa wanapomfuata mwimbaji anayeimba kila wimbo kwa kimo tofauti cha sauti. Hoja zote hizo zinaweza kusimama pamoja katika bendi moja.

Kuhusu besi zisizo na kichwa, ambazo Ned Steinberger alizipa umaarufu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuzitengeneza kwa nyuzinyuzi za kaboni na gundi ngumu badala ya mbao, mimi pia sizipendi kwa sura. Huniachia hisia kwamba kazi haijamalizika. Hata hivyo haziinamii upande wa shingo zikivaliwa begani, na halijoto haizisumbui kama inavyousumbua mti. Geddy Lee, mpiga besi wa bendi ya Rush, alijulikana kwa besi ya Rickenbacker, akahamia Steinberger, kisha Wal, na baadaye Jazz Bass ya mwaka 1972, na katika safari yote hiyo hukosi kumtambua ni yeye.

Swali: Mhariri, mimi ni dada mwenye vidole vifupi. Nimeipenda besi ya shingo fupi lakini naambiwa ni ya watoto. Ni kweli?

Jibu: Si kweli, dada yangu. Besi ya kawaida ina urefu wa inchi 34 wa uzi unaotetema, na ya shingo fupi ina inchi 30 hivi. Paul McCartney alinunua besi ya Hofner ya namna hiyo mjini Hamburg mwaka 1961, kwa kuwa Fender ilimshinda bei na umbo la Hofner, lililo sawa pande zote mbili, lilimfaa mtu wa mkono wa kushoto; nyimbo za The Beatles zilizorekodiwa kwa besi hiyo na nyingine ya aina hiyo hiyo hazina utoto wowote. Utakachokihisi ni uzi laini zaidi na sauti ya mviringo zaidi. Ila nunua nyuzi zilizotengenezwa kwa urefu huo, kwa sababu za inchi 34 zikikatwa sehemu yake nene huzungushwa kwenye ufunguo na huweza kufumuka.

Swali: Ubao wa shingo wa mti wa rosewood na wa maple, upi una sauti bora?

Jibu: Kwenye besi yenye freti uzi hukandamizwa kwenye chuma, kwa hiyo chagua kwa kiganja na kwa jicho, na usikubali kulipa zaidi kwa ahadi ya sauti. Jambo hubadilika kwenye besi isiyo na freti, ambako uzi hugusa ubao wenyewe: mpiga besi Jaco Pastorius, ambaye Jazz Bass yake ya mwaka 1962 ilikuwa imeng'olewa freti, ilimbidi aupake ubao gundi ngumu ya epoksi ya kutengenezea mashua ili nyuzi za waya wa mviringo zisiule. Ukichagua maple iliyopakwa vanishi, ifute kwa kitambaa kikavu baada ya kupiga na usiipake mafuta. Rosewood, ambayo kwa kawaida haina vanishi, hupakwa mafuta kidogo pale inapoonekana kukauka, kisha hufutwa ili yasibaki juu yake.