Maswali ya wasomaji: Skana ya mezani, antena, na ile chenga isiyoisha

Habari zenu wapenzi wa redio. Barua za mwezi huu karibu zote zinaulizia kitu kimoja, skana ya mezani, yani ile redio inayozunguka yenyewe kwenye masafa mengi ikitafuta nani anaongea, ikimpata inasimama umsikilize, akinyamaza inaendelea na safari yake. Mi hii mashine naipenda kutoka moyoni na huwa inaniuma mtu anaponunua, anaiwasha siku mbili, anaona inakwaruza tu, alafu anaifungia kabatini. Mara nyingi mashine haina shida yoyote. Tuanze.

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi ni mstaafu, nataka skana ya kuweka mezani nisikilize ndege na ikiwezekana na meli. Nimeona kuna za bei ndogo na kuna zingine bei yake mara tano, mara sita. Muuzaji ananiambia chukua ya gharama ndio inashika kila kitu. Ni kweli?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kwa hayo mawili uliyoyataja, hapana, usimsikilize. Ndege za abiria zinaongea na waongozaji wao kwenye bendi ya VHF, kuanzia megahezi 118 hadi 137, na zinatumia AM, ule mtindo wa zamani kabisa. Meli ziko kama 156 hadi 162, zinatumia FM, na chaneli 16 ambayo ni 156.8 ndio ya kuitana na ya dharura. Vyote ni analogi, kwaiyo skana ya kawaida ya analogi inavishika vizuri kabisa.

Ile bei kubwa unalipia digitali, P25 na DMR na ndugu zake, na ule mfumo ambao mazungumzo yanaruka toka masafa haya kwenda yale kila mtu anapobonyeza kitufe, sasa skana inabidi iwe na akili ya kuyafuata. Uniden SDS200 kwa mfano ni ya mezani na kazi hiyo inaiweza, mashine nzuri sana, lakini kwa ndege na meli peke yake ni sawa na kununua lori ukabebee kikapu. Alafu kuna jambo wauzaji hawapendi kulisema: mawasiliano yakishasimbwa, yani yakishafungwa kwa msimbo wa siri, hakuna skana utakayouziwa itakayoyafungua, iwe ya bei gani. Polisi wengi duniani wameshahamia huko.

Kwaiyo mzee, ukifika dukani angalia haya. Kwanza iwe na bendi ya ndege na iseme wazi inapokea AM humo, sababu kuna redio inafika 130 lakini ni FM tupu, utasikia kama mtu anaongea na mdomo umejaa. Pili iweze kwenda kwa hatua za kilohezi 8.33, yani ile nafasi kati ya chaneli na chaneli, kuna sehemu anga limejaa wakagawa ile hatua ya zamani ya 25 mara tatu. Tatu, nyuma iwe na tundu la kuchomeka antena ya nje, hili usikubali kulikosa. Na kifundo cha kuzima mkwaruzo kiwe peke yake pale mbele, sio kimefichwa ndani ya menyu, manake utakigusa kila siku. Idadi ya chaneli isikutishe, 300 au 500, mi natumia kama arobaini tu.

Niongeze kidogo hapa sababu watu huwa wananiuliza kwa nini ndege bado wako kwenye AM karne hii. Kwenye FM watu wawili wakiongea pamoja, mwenye nguvu anammeza mwenzie kabisa, muongozaji hajui ata kama kuna mwingine alikuwa anaita. Kwenye AM wakigongana unasikia mlio wa kukereketa, basi anajua kuna wawili na anawaambia warudie mmoja mmoja. Ukiwa na skana utausikia mlio huo siku moja na utakumbuka.

SWALI: Shikamoo mhariri. Nimenunua skana, nasikia rubani vizuri sana lakini anayemjibu chini simsikii kabisa, kama vile rubani anaongea peke yake. Skana mbovu? Natumia ile antena ya kuvuta iliyokuja nayo.

JIBU: Marahaba mwanangu. Skana yako nzima kabisa, na hili ndio swali nililokuwa nalisubiri.

Mawimbi ya masafa haya yanakwenda karibu sawa na jicho linavyoona, mlima ukikaa katikati au dunia ikipinda, basi. Hesabu yake sio ngumu, chukua urefu wa antena kutoka ardhini kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita. Ndege iliyo mita 10,000 juu, kipeuo cha pili ni 100, inatoka kilomita 412. Ndio maana rubani unamsikia kama yuko sebuleni. Sasa antena ya mnara wa waongozaji iko labda mita 25, hiyo inafika kilomita kama 20, na yako juu ya meza mita 1, inaongeza 4. Jumla 24, na hapo hatujahesabu kuta, mabati, na miti. Ukiipandisha yako mpaka mita 9 unapata 12 badala ya 4. Hakuna skana ya kununua itakayokupa hicho, ata uongeze hela vipi. Hela yako ya kwanza baada ya skana iende kwenye antena.

Na wala sio lazima ununue. Yangu ya kwanza niliitengeneza mwenyewe kwa vipande vitano vya waya wa shaba mgumu. Unagawa 7500 kwa megahezi unazotaka, jibu ni sentimita. Kwa ndege chukua katikati, 127, unapata 59. Kwa meli ni kama 48. Waya mmoja unasimama wima, umeungwa kwenye kiini cha waya wa antena, minne mingine inaungwa kwenye ule wavu wa nje na unaikunja iteremke upande kama miguu ya stuli, nusu ya pembe mraba. Hakikisha kiini na wavu havigusani ata kwa unywele mmoja, hapo ndipo wengi wanaharibu, mi mwenyewe nilikaa jioni nzima nashangaa hamna sauti kumbe kauzi kamoja ka wavu kamelala juu ya kiini, nikakakata kwa kisu na mnara ukaingia palepale, sauti ya mama mmoja anasoma upepo, safi kama yuko jirani. Sijawahi kuisahau ile sauti. Isimamishe wima, usiilaze, sababu ndege na minara nao wanarusha wima.

Waya wa kushuka nao una maneno yake. Ule mwembamba mweusi unaoitwa RG-58, ukiwa mita 15 kwenye masafa haya unakula karibu nusu ya nguvu iliyokusanywa huko juu. Waya mzuri wa antena ya tivii, RG-6, unakula kidogo zaidi na kwa kupokea tu unafaa sana, usitishwe na wanaosema oumu 75 za waya huu hazipatani na 50 za skana, kwa kusikiliza hasara yake huioni. Kiungo cha juu kifunge vizuri maji yasiingie. Na mvua ya radi ikikaribia chomoa waya nyuma ya skana uutoe nje ya nyumba kabla radi haijaanza, wala usiuguse tena ikishaanza kupiga.

SWALI: Skana yangu inasimama chaneli moja haiendi, hamna mtu anaongea, ni mkwaruzo tu. Nikizungusha kile kifundo cha SQ inanyamaza lakini sasa haishiki kitu tena siku nzima.

JIBU: Umekizungusha kupita kiasi. Kile kifundo cha SQ, ndio kile cha kuzima mkwaruzo, ni kama mlango, ukiuacha wazi kila kelele inaingia na skana inadhani ni mtu, ukiufunga kwa komeo ata mgeni wako haingii. Weka skana kwenye chaneli ambayo haina mtu, rudisha kifundo mpaka ikwaruze, alafu sogeza taratibu, taratibu, pale tu inaponyamaza ndio hapohapo, usiongeze ata nywele.

Kama bado inang'ang'ania chaneli ileile, basi kuna kelele nyumbani kwako na inabidi uitafute. Chaja za simu za ovyo, taa za LED, ruta, skrini ya kompyuta, vyote vinarusha uchafu kwenye masafa haya. Chomoa kimoja kimoja huku skana inakwaruza, siku ukigusa mwenye kosa utasikia mkwaruzo unabadilika mkononi mwako. Adapta ya skana yenyewe usiisahau. Nyingi za mezani zinatumia volti 12 za DC, ukihakikisha yako ni hivyo ijaribu kwenye betri ya volti 12 huku umezima umeme wa nyumba mzima, kama chenga imekwisha unajua adui yuko ndani. Kwangu alikuwa chaja ya simu iliyokaa ukutani bila simu.

Ikishindikana kabisa, bonyeza kile kitufe cha L/O, chaneli hiyo inarukwa, wengine wanaendelea. Na kama unakaa karibu na mnara wa redio za FM, muziki unaingia katikati ya marubani, hiyo ni skana kuzidiwa nguvu, tafuta kichujio cha kuzuia 88 hadi 108 ukiweke kati ya antena na skana, kakitu kadogo ila kanabadilisha maisha.

SWALI: Nasikia vizuri lakini sielewi wanachosema. Wanaongea haraka mno.

JIBU: Ndugu yangu, hili linaisha kwa wiki tatu nne tu, usikate tamaa. Anza na ATIS ya uwanja wa ndege ulio karibu yako, ni tangazo lililorekodiwa linalorudiarudia hali ya hewa, upepo na njia ya kurukia inayotumika, na kila taarifa mpya ina herufi yake. Sababu inajirudia utaisikia mara kumi mpaka ikae, na pia inakusaidia kupima antena bila kusubiri mtu aongee.

Kisha jua kwamba maneno ni machache na yanakuja kwa mpangilio uleule, anayeitwa, anayeita, yuko wapi, anataka nini. Rubani lazima arudie alichoambiwa, kwaiyo ukikosa mara ya kwanza unakipata ya pili. Namba tisa wanaitamka "naina" isichanganywe na tano. Wakisema flight level 350 ni futi 35,000, karibu kilomita 10.7. Saa zao zote ni za UTC, yani saa ya pamoja ya dunia nzima, wanaita Zulu. Na namba za tarakimu nne wanazopewa kwa ajili ya rada hazina 8 wala 9, ukisikia mtu ametajiwa 7700 hiyo ni dharura. Weka 121.5, masafa ya dharura ya ndege, iwe chaneli ya kipaumbele, skana itakuwa inaichungulia kila baada ya sekunde chache ata ukiwa unasikiliza kwingine. Siku nyingi kimya, na ni vizuri iwe kimya.

SWALI: Si bora ninunue kile kidude cha USB cha kuchomeka kwenye kompyuta?

JIBU: Ni kizuri na ni rahisi. Tangu 2012 watu wamejua vile vidude vya kuangalizia tivii vyenye chipu ya RTL2832U vinaweza kugeuzwa redio ya masafa mengi, na raha yake unaona mawimbi kwenye skrini, unajua nani anaongea wapi kabla hujamsikia. Lakini lazima kompyuta iwake, na kompyuta yenyewe inaleta kelele. Skana unabonyeza swichi moja huku unakunywa chai. Mi ninavyo vyote, cha USB natafutia masafa mapya, nikishayajua nayaweka kwenye skana.

SWALI: Ni halali?

JIBU: Inategemea uko nchi gani, na hili usilichukulie juu juu. Marekani kusikiliza kwa sehemu kubwa kunaruhusiwa, ila masafa ya simu za mkononi yalizuiwa kwenye skana. Uingereza sheria yao ya 2006 inakataza kusikiliza ujumbe ambao haukulengwa kwako bila idhini, ata kama kumiliki mashine sio kosa. Uliza mamlaka ya mawasiliano ya kwenu kabla ya kununua. Na popote ulipo, ulichokisikia kibaki hapo mezani, usikirekodi ukakisambaza, wapo watu wako kwenye saa mbaya ya maisha yao kwenye yale masafa.

SWALI: Mwanangu wa miaka tisa anauliza kama skana ya baba inaweza kusikia wanaanga. Nimwambieje?

JIBU: Mwambie ndiyo! Kituo cha anga cha kimataifa kinarusha sauti kwenye 145.800 FM, na ile antena ya waya niliyoeleza juu inatosha. Kiko kama kilomita 400 juu, kikipita karibu na utosi mnakuwa nacho kwa dakika kumi hivi. Hawaongei kila wakati, mara nyingi ni pale wanapozungumza na wanafunzi wa shule fulani, kwaiyo angalieni ratiba ya mazungumzo hayo na saa za kupita kwenu. Kikiwa kinakuja mbio masafa yanapanda kidogo, kikiondoka yanashuka, kwaiyo kama skana yenu inakubali hatua ya kilohezi 2.5 anzeni na 145.8025, kikifika juu rudini 145.800, mwishoni 145.7975. Mwachie mtoto azungushe yeye.