Homoni ya njaa ilikuwa juu, mbona mtoto alikuwa hagusi sahani?

SWALI: Shikamoo Bi Lishe. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Malmö, Sweden. Binti yangu ana miaka 6. Mwaka mzima alikuwa anakataa chakula: tumbo limejaa kama ngoma, miguu kama vijiti, kutwa analia. Januari alipimwa akaonekana ana siliaki, ugonjwa wa utumbo unaochochewa na ngano, tukaacha ngano. Daktari alinieleza kwamba kabla ya kubadilishiwa mlo, watoto hawa homoni ya njaa huwa juu. Kama ilikuwa juu, mbona hakuwa akila? Na sasa, mwezi wa nne, anakula mpaka naogopa. Sahani mbili za wali, na nusu saa baadaye anauliza kuna nini kingine. Bibi yake kwenye simu anasema ni minyoo, tena kipande kimoja cha chapati hakitamdhuru. Nifanyeje? – Mama Z., Malmö

JIBU: Marahaba, mwanangu. Daktari hakukosea, na wewe hukuona vibaya.

Homoni aliyoitaja ni grelini, ambayo Wajapani Kojima na Kangawa waliitambua mwaka 1999. Hutoka hasa kwenye mfuko wa tumbo, hupanda kabla ya mlo na kushuka ukishakula. Mwenzake ni leptini, itokayo kwenye mafuta ya mwili; mafuta yakiisha, nayo hupungua, ubongo ukajua ghala ni tupu. Watoto wa siliaki ambao hawajaacha gluteni, ile protini ya ngano, wamepimwa mara nyingi wakakutwa grelini iko juu na leptini iko chini. Yaani mwili wote unapiga kelele: mleteeni chakula!

Lakini gluteni ikiingia, kinga ya mtoto hugeuka na kuushambulia utumbo wake mwenyewe. Katika vita hiyo humwagwa saitokini, kemikali za uvimbe wa ndani kama TNF na IL-6, na hizo zikifika ubongoni huzima hamu ya kula. Umeshaiona kwa mtoto wa malaria: hajala tangu jana, ukimletea uji anageukia ukutani. Halafu kuna homoni nyingine, PYY, ya sehemu ya chini ya utumbo. Mafuta yaliyoshindwa kufyonzwa huko juu yakiteremka, PYY hupanda na kuuambia ubongo kwamba tumeshiba. Binti yako alikuwa na njaa na shibe kwa wakati mmoja. Si ajabu alikuwa analia.

Niungame jambo. Zamani nilikuwa muuguzi wodi ya watoto, na tulikuwa na mvulana wa miaka minne hivi. Akishika kikombe cha uji, anaunusa, anakirudisha mezani polepole kama mtu mzima. Tulimpa dawa ya minyoo mara tatu. Uzito ukizidi kushuka, nasi tunazidi kumwongezea uji wa lishe, na unga wa uji ule ulikuwa na ngano ndani yake. Mimi ndiye niliyekuwa naukoroga. Ilichukua miezi mpaka daktari mmoja mgeni akauliza uji umetengenezwa kwa unga gani. Pua ya mtoto yule ilikuwa na akili kuliko sisi wote.

Turudi kwa wako. Gluteni imeondoka, uvimbe unapoa, ile sauti ya saitokini inafifia, na njaa iliyokuwa imezibwa mdomo inasikika. Mwache ale; mwili unalipa deni la mwaka mzima, na grelini hushuka kadiri utumbo unavyopona. Ila angalia anakula nini. Biskuti na mikate ya dukani isiyo na gluteni mingi ni wanga na sukari, nyuzinyuzi haba, na wapo watoto walionenepa kupita kiasi kwa kuizoea. Wewe ni mtu wa pwani, ugali wa mahindi, muhogo, wali na maharage, samaki wa kupaka, vyote havikuwahi kuwa na gluteni. Unga wa wimbi na mtama nunua wenye alama ya kutokuwa na gluteni, maana mashine iliyosaga ngano asubuhi haisafishwi kwa ajili ya wimbi yako mchana.

Kuhusu minyoo, peleka choo kipimwe, bibi anyamaze kwa amani. Kuhusu chapati, hapana. Watafiti wa Italia waliwapa wagonjwa watu wazima miligramu 50 za gluteni kila siku kwa miezi mitatu, na utumbo ukaharibika. Slesi moja ya mkate ina gramu 2 hivi, yaani mara 40 ya hizo. Mwambie bibi hivyo, kwa adabu, na muulize pia kama vitumbua vyake anavitia ngano kidogo "vishikane". Wengi hutia, na hawasemi mpaka waulizwe.

Kama ana mdogo wake, apimwe damu akiwa bado anakula mkate. Mkimwachisha kwanza, kipimo kinaweza kuonyesha hana kitu. Na nunua kikaango kipya, cha binti peke yake.