Jibu: Kompyuta sita za Ubuntu kwenye intaneti ya polepole

Ndugu, umeuliza mbona kompyuta sita za saiba yako hapo Githurai zinakesha zikisasisha Ubuntu. Ni kwa sababu kila moja inapakua faili zilezile upya. Chagua mashine moja isiyozimwa, weka apt-cacher-ng (programu inayohifadhi faili za masasisho zilizopakuliwa ili mashine nyingine zizitumie), halafu kwenye zile nyingine unda faili /etc/apt/apt.conf.d/02proxy, uandike:

Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";
Acquire::https::Proxy "DIRECT";

Badilisha 192.168.1.10 iwe anwani ya ile mashine uliyoichagua. Mstari wa pili usiuruke, la sivyo hazina za https (vyanzo vya programu vinavyotumia muunganisho uliofichwa kwa usalama) zitagoma. Kompyuta ya kwanza ikishapakua faili kupitia mashine hiyo, zilizobaki zinazichukua humohumo ndani badala ya kuzipakua upya kwa bando.

Tafadhali, masasisho ya usalama usiyazime kamwe. Wateja wako wanafungua eCitizen (huduma za serikali) na iTax (kodi) kwenye mashine hizo.