Kuigeuza mashine ya milingi iwe ya CNC (inayoendeshwa na kompyuta): maswali ya mafundi wa Moshi na Arusha

Nina mashine ndogo ya milingi (ya kuchonga chuma kwa kikatio kinachozunguka) ya kuzungusha kwa mkono. Nianze kununua mota au kompyuta? (Majengo, Moshi)

Ndugu yangu, anza na geji ya saa, kipimo chenye mshale kinachoonyesha msogeo mdogo sana. Iegemeze ncha yake kwenye meza, zungusha mpini mpaka mshale usogee, kisha urudishe mpini nyuma taratibu na uangalie unazunguka kiasi gani kabla meza haijaitika. Huo ndio mchezo uliopo kati ya skrubu na nati yake. Fundi wa mkono huukwepa kwa mazoea, kwa kuwa huifikia alama yake kutoka upande mmoja kila mara; lakini kompyuta inapochonga tundu la duara hulazimika kugeuza mwelekeo wa kila mhimili (njia ambayo meza au kichwa husogea), na mchezo wa milimita 0.2 utaliacha tundu hilo na kasoro zinazoonekana katika sehemu nne za ugeuzi. Kaza reli za meza na beringi za ncha za skrubu, upime tena, ndipo ufikirie mota.

Skrubu za gololi, ambazo nati yake hutembea juu ya gololi na karibu haina mchezo, ni ghali. Programu haiwezi kuufidia mchezo huo? (Unga Limited, Arusha)

Inaweza kwa sehemu tu. Huongeza hatua kadhaa za mota kila mwelekeo unapogeuka, ila haina mkono wa kuishika meza. Meno ya kikatio yanapopita kwenye chuma kuelekea upande ule ule ambao meza inakwenda, huivuta meza ikaruka ndani ya mchezo huo, na kikatio huvunjika. Unapoendelea kuchanga fedha, kata kwa mwelekeo wa kupingana, meno yakienda kinyume na meza. Wala usipumbazwe na hesabu: mota ya stepa (inayozunguka kwa hatua ndogo ndogo) ya hatua 200 kwa mzunguko, kila hatua ikigawanywa mara 8, kwenye skrubu inayosogeza milimita 5, hutoa hatua 320 kwa milimita, lakini udogo wa hatua hauondoi ulegevu wa chuma.

Kompyuta ya zamani itafaa?

Itafaa, hasa ya mezani. LinuxCNC, programu ya kuendesha mashine, haina malipo na hutumika vizuri kwenye kompyuta za namna hiyo, ilimradi uipime kwanza kama inatoa ishara kwa wakati bila kuchelewa.

Umeme ukikatika katikati ya kazi itakuwaje? (Himo)

Swali hili ningependa kila mmoja alisome. Skrubu ya kawaida ina msuguano mwingi, hivyo kichwa cha mashine hubaki kilipo hata mota ikikosa nguvu. Skrubu ya gololi ina msuguano mdogo sana, na kwa sababu hiyo kichwa kizito kinaweza kuizungusha chenyewe na kushuka juu ya kazi, au juu ya mkono wako. Hatari ni ile ile unapobonyeza kitufe cha dharura, kwa kuwa nacho hukata nguvu ya mota. Mhimili wa wima uwekee breki inayobana umeme unapokosekana, au uzito wa kusawazisha. Umeme ukirudi, usiendelee pale ulipoishia: mota za stepa zisizo na enkoda (kifaa kinachoiarifu kompyuta mota ilipo) hazijui zilikosogezwa, kwa hiyo ondoa kikatio kwenye kazi, irudishe mihimili yote kwenye swichi za mwanzo (zinazoonyesha mahali mhimili unapoanzia), na uitafute upya kona ya kazi yako kabla ya kukata tena.